Kabla Hujajibu Swali, Tazama Limekukubalisha Nini

"Kwa nini watoto wa siku hizi hawana adabu?" Liulize swali hilo mbele ya watu wazima wowote na majibu yatamiminika. Mmoja atalaumu simu, wa pili wazazi wasioshinda nyumbani, wa tatu walimu waliolegea. Watabishana nusu saa nzima na pengine waachane wamenuniana. Jambo moja tu halitabishaniwa: kama ni kweli kwamba watoto wa sasa wana adabu pungufu kuliko wa zamani. Hilo limeshapita. Hakuna aliyelitamka kama hoja, hakuna aliyelitetea, lakini kila mmoja amelijengea juu yake.

Mambo ya aina hiyo yamejaa katika mazungumzo yetu, na yanapogunduliwa watu hurushiana maneno: "Unadhani tu!", "Huo ni uongo!", "Hayo ni maoni yako!" Lawama hizo tatu hazilingani, na mara nyingi hakuna hata moja inayogusa tatizo lenyewe. Tuanze basi kwa kutenganisha vitu vinavyochanganywa.

Chukua sentensi fupi: "Juma ameacha kuchelewa kazini." Ndani yake mna mambo mawili, na huenda matatu. La kwanza ni dai, yaani kile msemaji anachotaka tukipokee kama habari: sasa Juma anawahi. La pili ni dhana iliyojificha: zamani Juma alikuwa na tabia ya kuchelewa. Msemaji hakuitangaza kama habari. Aliichukulia kuwa inajulikana. La tatu, kama lipo, ni dokezo. Sentensi hiyo ikisemwa mbele yako wewe unayechelewa kila Jumatatu, unajua mshale umeelekezwa wapi. Dokezo hutegemea nani anasema, mbele ya nani, wakati gani, na msemaji anaweza kulikana: "Mimi sikukutaja." Dhana haikaniki hivyo. Imeshikwa na neno "ameacha", na popote neno hilo liendapo, dhana huenda nalo.

Dai hupiga hodi: unalitazama usoni, unaliuliza limetoka wapi, unaamua kulikaribisha au kulirudisha. Dhana huingia nyuma yake, mlango ukiwa umeshafunguliwa.

Kwa hiyo dhana si uongo. Inaweza kuwa kweli kabisa, na mtu mwaminifu huibeba sawa na laghai. Wala si maoni, maana maoni husemwa wazi: "Mimi naona Juma ni mvivu." Hapo unaweza kupinga papo hapo.

Kuna kipimo rahisi cha kuitambua, nacho ni kuigeuzageuza sentensi. Ikanushe: "Juma hajaacha kuchelewa." Iulize: "Je, Juma ameacha kuchelewa?" Itie masharti: "Kama Juma ameacha kuchelewa, mkuu wake atafurahi." Itilie shaka: "Huenda Juma ameacha kuchelewa." Dai limeyumba mara nne. Limekanushwa, limeulizwa, limewekewa sharti, limetiliwa shaka. Lakini katika zote nne, Juma bado ni mtu aliyekuwa akichelewa. Kile kinachobaki palepale baada ya mageuzo hayo ndiyo dhana. Na ndiyo sababu ya kosa la kawaida kuliko yote: kuamini kwamba ukijibu "hapana" umejitetea. Ukiulizwa "Umeacha kuchelewa?" ukasema hapana, umekiri kwamba bado unachelewa, ukisema ndiyo, umekiri kwamba ulikuwa ukichelewa. Asiyewahi kuchelewa hana jibu kati ya hayo mawili.

Wanafalsafa wamelisumbukia jambo hili kwa zaidi ya karne. Mwaka 1892 Mjerumani Gottlob Frege alieleza kwamba anayesema mwanajimu Kepler alikufa katika dhiki anachukulia kwamba palikuwa na mtu aitwaye Kepler, na anayekanusha anachukulia vivyo hivyo. Mwaka 1905 Bertrand Russell wa Uingereza alitoa mfano uliopata umaarufu, wa sentensi "Mfalme wa sasa wa Ufaransa ana upara", ilhali Ufaransa haikuwa na mfalme. Russell alisema sentensi hiyo ni ya uongo. P. F. Strawson akamjibu mwaka 1950 kwamba si kweli wala si uongo, kwa kuwa suala la ukweli wake halizuki kabisa pale ambapo mfalme mwenyewe hayupo. Wataalamu bado wanavutana, lakini kwa mazungumzo ya kila siku naona Strawson anatusaidia zaidi. Anatupa jibu la tatu, mbali na ndiyo na hapana: "Swali hilo halijafikiwa bado, maana kuna jambo la kumaliza kwanza."

Maneno yanayozibeba

Ukijua maneno yanayobeba dhana, masikio huzinduka. Viulizi ni vya kwanza. "Nani amefungua dirisha?" huchukulia kwamba lipo dirisha lililofunguliwa na yupo aliyelifungua. "Kwa nini", "lini" na "vipi" hufanya kazi hiyohiyo. "Mbona" huongeza jingine juu yake. "Mbona hujampigia?" inachukulia kwamba hujampigia, na pia kwamba ulipaswa kumpigia. Ndiyo maana anayeulizwa kwa "mbona" huanza kujitetea kabla hata hajafikiri kama alikuwa na wajibu wowote.

Vitenzi ni kundi kubwa. Acha, endelea, anza na rudia hubeba habari za wakati uliopita. Jua, gundua na tambua huchukulia kwamba kinachojulikana ni kweli: "Amegundua kwamba anaibiwa" si sawa na "Anadhani anaibiwa." Singizia hufanya kinyume, huchukulia kwamba tuhuma si ya kweli. Kisha kuna vitenzi vya hukumu: samehe, kiri, juta, laumu. Linganisha "Amesema alikutana na mfanyabiashara yule" na "Amekiri kukutana na mfanyabiashara yule." Tukio ni moja, lakini sentensi ya pili imeshaamua kwamba kukutana huko ni kosa, au angalau ni jambo lililokuwa likifichwa. Anayeambiwa "Nimekusamehe" wakati hajui amekosa nini anaijua nguvu ya neno hilo. Akishukuru, amekubali kosa.

Maneno madogo ndiyo hatari zaidi kwa sababu hayaonekani. "Bado", "tena", "pia", "angalau", "hata". Tazama hili la mwisho kwa karibu. "Hata Asha amefaulu mtihani." Dai ni habari njema: Asha amefaulu. Dhana ni mbili: kwamba kuna wengine waliofaulu, na kwamba miongoni mwa wote, Asha ndiye aliyetazamiwa kidogo. Msemaji ataapa kwamba alikuwa akipongeza, na huenda anasema kweli. Asha amesikia tusi, naye hakukosea. Ukanushe uone: "Si kweli kwamba hata Asha amefaulu." Tusi liko palepale.

Virejeshi na sifa zilizobanwa kwenye jina nazo hupitisha mengi. "Uamuzi ule mbovu ulitugharimu kiasi gani?" Wasikilizaji watakimbilia kukadiria hasara, ubovu wa uamuzi umeshakuwa sehemu ya jina lake. "Uzembe wako", "lile tatizo lenu", "waliotuangusha" ni za kundi hilo. Na ukisikia "wewe ndiye uliyevunja", jua kwamba suala la kama kitu kimevunjwa, au kilikuja kikiwa na ufa, limeshafungwa. Linalotafutwa sasa ni jina tu.

Viambishi vya -nge- na -ngali- ni vya kuangaliwa peke yake. "Ungenisikiliza usingepotea" inachukulia kwamba hukusikiliza na kwamba umepotea. Wakati huohuo inadai kwamba kutosikiliza ndiko kulikokupoteza, na dai hilo la chanzo ndilo lenye mgogoro, lakini limebanwa katikati ya mambo mawili ambayo pengine ni kweli. Mtu hulimeza pamoja nayo.

Kwa nini hatuzioni

Wengi huamini kwamba mtu makini hanaswi. Sivyo. Mwaka 1981 watafiti wawili, Erickson na Mattson, waliwauliza watu Musa aliingiza wanyama wangapi wa kila aina katika safina. Wengi walijibu wawili, ingawa walijua vizuri kwamba mwenye safina ni Nuhu. Ujuzi walikuwa nao. Hawakuutumia, kwa sababu swali liliwaelekeza kwenye idadi, na Musa anafanana na Nuhu kiasi cha kutoshtua. Akili huenda moja kwa moja kwenye pengo iliyoombwa kulijaza.

La kutisha zaidi ni kwamba swali laweza kubadilisha hata kumbukumbu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya ajali ya magari. Hamsini waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana. Hamsini wengine waliulizwa kwa kitenzi kikali zaidi, chenye maana ya kupondana. Hamsini waliobaki hawakuulizwa habari za mwendo. Baada ya wiki moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika. Kati ya walioulizwa kwa kitenzi kikali, 16 walisema waliona. Kati ya walioulizwa kwa "gonga", ni 7, na kati ya wasioulizwa, 6. Neno moja ndani ya swali lilichukulia kwamba mgongano ulikuwa mkubwa, na baada ya siku saba baadhi yao "walikumbuka" vioo. Kwa hatari ya namna hii, mahakama zinazofuata utaratibu wa asili ya Uingereza humzuia kwa kawaida wakili kumuuliza shahidi wake mwenyewe maswali yanayomtia jibu mdomoni, ingawa wakili wa upande wa pili huruhusiwa kuyauliza anapomhoji shahidi huyo.

Sababu nyingine ni adabu yenyewe ya mazungumzo. Mwenzako akisema, "Samahani nimechelewa, gari langu limeharibika," humkatizi kumwambia hukujua ana gari. Unaliongeza kimyakimya kwenye yale mnayoyakubali nyote wawili, na mnaendelea. Mwanafalsafa David Lewis alieleza mwaka 1979 kwamba ndivyo mazungumzo yalivyo: dhana isiyopingwa mara moja huwa kana kwamba ilikuwepo tangu awali. Kwa gari bovu hakuna madhara. Kwa mkutano unaoulizwa "Tumwadhibu vipi aliyevujisha taarifa?" madhara yapo, maana baada ya wachangiaji watatu kupendekeza adhabu, atakayeuliza kama taarifa ilivujishwa kweli ataonekana mkorofi.

Dhana isiyobebwa na neno lolote

Kuna aina ya pili, na hii haina neno la kuikamata. Hujificha kati ya sababu na hitimisho. "Dawa hii ni ya asili, kwa hiyo haina madhara." "Amekaa kimya, basi ana hatia." "Wamefanya hivyo miaka mingi, kwa hiyo ni salama." Sababu imetajwa, hitimisho limetajwa, kiungo kinachoviunganisha hakikutajwa. Aristotle alikwishaona, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwamba wasemaji hupenda kuacha kiungo ambacho msikilizaji atakijaza mwenyewe. Msikilizaji akikijaza, hoja humkaa zaidi, kwa kuwa sehemu yake ameitoa yeye.

Kukitoa kiungo nje kunahitaji karatasi, angalau mwanzoni. Andika sababu. Chini yake andika hitimisho. Kisha jiulize: ni jambo gani lazima liwe kweli ili sababu hii itoshe kunifikisha hapa? Kwa dawa ya asili, kiungo ni "kila kitu cha asili hakina madhara." Kikiandikwa waziwazi hakisimami hata dakika moja. Sumu ya nyoka ni ya asili, uyoga unaoua ni wa asili, na tumbaku ni mmea. Kwa aliyekaa kimya, kiungo ni "asiye na hatia hujitetea daima," nacho huanguka ukikumbuka walio na hofu, walioshauriwa wasiseme, na wanaomficha mtu mwingine.

Hapa watu huharibu. Humtwisha mwenzao kiungo kikali kuliko alichohitaji. Huenda msemaji wa dawa alimaanisha tu kwamba dawa za asili alizozitumia hazikumdhuru. Jaribu kiungo kwa "kila", kisha "wengi", kisha "baadhi", na uchukue kile dhaifu kuliko vyote ambacho bado kinatosha kulibeba hitimisho lake. Hicho ndicho cha kuhoji. Ukiangusha kikali ambacho hakukihitaji, umejibu hoja isiyo yake, na ana haki ya kukasirika. Mara nyingi, lakini, utaona kwamba kiungo dhaifu hakitoshi tena: "baadhi ya vitu vya asili havina madhara" hakituambii lolote kuhusu dawa hii.

Kuhoji bila kugombana

Kwanza amua kama inafaa. Mwaka 1967 mwanasosholojia wa Marekani Harold Garfinkel alichapisha majaribio ambamo wanafunzi wake walidai ufafanuzi wa kila kauli ya kawaida. Mtu akisema tairi la gari lake liliishiwa upepo, aliulizwa, "Una maana gani, tairi liliishiwa upepo?" Waliohojiwa walishangaa, kisha wakakasirika. Hawakukosea. Bila mambo mengi yanayochukuliwa kuwa yanajulikana, hata salamu haikamiliki. Wanaohubiri kwamba tusichukulie chochote kuwa kweli wanaomba jambo lisilowezekana.

Jiulize: dhana hii ikiwa si kweli, uamuzi wetu utabadilika? Kuna mtu atakayebebeshwa lawama? Kuna kundi zima la watu linalohukumiwa? Kama majibu yote ni la, iache ipite. Kama hata moja ni ndiyo, isimamishe mapema, kabla watu hawajaanza kujibu. Baada ya mchangiaji wa tatu gharama ya kuisimamisha imeshapanda.

Namna ya kuisimamisha ni kuitoa ndani ya swali na kuipa sentensi yake mwenyewe, kwa sauti tulivu, bila kumhukumu aliyeileta. "Swali lako linachukulia kwamba taarifa ilivujishwa. Tuna uhakika gani wa hilo?" Kwa mkubwa: "Samahani mzee, kabla sijajibu, naomba tukubaliane kwanza kama..." Usiseme "Wewe unadhani tu", hapo umehamisha mjadala kutoka kwenye jambo kwenda kwa mtu, naye atajitetea yeye badala ya kulichunguza jambo.

Tazama mfano wa ofisini. "Kwa nini idara yenu inachelewesha malipo?" Jibu linalokuja upesi ni "Tuna watu wachache." Ni jibu la kweli pengine, na ni kukiri. Jibu bora zaidi: "Malipo ya mwezi huu yalitoka tarehe 28, ambayo ndiyo tarehe iliyopangwa. Ni yapi uliyoyaona yamechelewa?" Jibu hilo limetaja ukweli unaoweza kuhakikiwa, kisha likarudisha mlango wazi, kwa sababu huenda yapo malipo mengine yaliyochelewa kweli na muulizaji ana habari usizozijua. Kuhoji dhana si kuikataa. Asilimia kubwa ya faida yake ni pale inapothibitishwa, sasa ikiwa imeangaliwa.

Maswali unayouliza wewe yanastahili uangalifu uleule. Kila "kwa nini" unayotaka kuiuliza, igawe: je, jambo lenyewe lipo? Tunajuaje? Kisha ndipo kwa nini. Swali la watoto wasio na adabu likigawanywa hivyo hufunguka: adabu ipi hasa, ya kusalimia, ya kutii, au ya kutobishana? Watoto wa umri gani? Tunawalinganisha na wa miaka ipi, na aliyewaona wale wa zamani alikuwa mtu mzima au mtoto mwenzao? Mwalimu aliyesimama mbele ya darasa kwa miaka 20 anaweza kujibu sehemu ya hayo. Mtu anayekumbuka utoto wake mwenyewe analinganisha alivyojiona na anavyowaona wengine, na hivyo si vipimo vya aina moja.

Pana nafasi moja ambapo kupachika dhana kwa makusudi ni busara. Mhudumu wa afya akiuliza "Je, huwa unaruka dozi?" wengi watasema hapana kwa aibu. Akiuliza "Watu wengi hupitiwa. Katika siku saba zilizopita umeruka dozi mara ngapi?" amechukulia kwamba jambo hilo ni la kawaida, na kukiri kumekuwa rahisi. Dhana hiyo haimdhuru anayeulizwa, maana "sijaruka hata moja" linabaki kuwa jibu kamili lisilo na doa. Hapo ndipo pa kupimia swali lolote lililobeba dhana: mtu ambaye dhana hiyo si kweli kwake, ameachiwa jibu analoweza kulitoa bila kujichafua? Kwa "Umeacha kuchelewa?" hakuachiwa.